Punje Ishirini kwa Kila Kofia

Heredia, Kosta Rika
Jumapili, 15 Februari 2004

Mdogo wangu Nicanor,

Salamu nyingi kwako, kwa mama, kwa mkeo na watoto. Mimi mzima kwa rehema za Bikira. Hofu ni kwenu, maana basi la mwisho lililotoka Las Pencas halikuniletea barua.

Keti kwanza ndipo usome. Dada yako ameanza shule. Usicheke, au cheka kidogo kisha uendelee. Doña Hortensia, huyu bibi ninayemtunza, ametimiza miaka themanini na tisa, na kila asubuhi nikimsuka nywele ananiambia, "Vige, mimi nikifa nani atakupa kazi bila karatasi?" Cheti cha kutunza wazee hakitolewi kwa mtu asiyemaliza darasa la tisa. Basi kila Jumapili baada ya misa tunakaa ukumbi wa parokia, watu wazima kumi na wanane, mwalimu wetu Idalí angeweza kuwa binti yangu wa kumzaa.

Kusoma naweza, na kuandika unaona mwenyewe. Nimejifundisha kwa kitabu cha misa na kwa barua zako. Lakini hesabu, Nicanor. Nimezoea kuona herufi kanisani na namba sokoni, sasa wamezioza. Swali lenyewe hili: mwanamke ana kuku x. Mara tatu ya kuku wake, ukitoa saba, ni ishirini na tisa. Ana kuku wangapi? Nikamuuliza mwalimu, ni mwanamke gani huyo asiyejua idadi ya kuku wake? Darasa zima likaangua kicheko, lakini mimi sikuwa natania.

Wewe ndiye mwalimu wa hesabu katika ukoo mzima. Nisaidie. Mimi niliachishwa shule darasa la tatu ili nikubebe mgongoni mama akichuma pamba. Sikulaumu, ulikuwa mzito tu. Lakini mgongo huu nao una haki yake.

Nikipata cheti nitafanya kazi miaka mitano, kisha nirudi nijenge kwenye shamba langu chumba kimoja na jiko la kutazama kijito. Nikichoka huwa nalizunguka kichwani: kamba nane kwenda, kamba mbili kukata kona, kamba nane kurudi, mbili tena. Bado namsikia Don Polo, hakimu wa kijiji, akihesabu kwa sauti siku ile ya urithi, na kila kamba ikilazwa anatupa punje ya mahindi kofiani. Punje ishirini kofia yako, punje ishirini kofia yangu. Ndugu wangapi wamekatana mapanga kwa ardhi, sisi tukanywa kahawa.

Dada yako akupendaye,
Eduviges


Las Pencas, Nikaragua
7 Machi 2004

Dada Vige,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mezani. Mama amecheka mpaka ikabidi apigwe mgongo, kisha akalia, unamjua. Anasema ulikuwa ukihesabu kuku kabla hujaota meno.

Sasa sikiliza mwalimu wako. Ile alama ya sawasawa ni mpaka, kama huo uliovuka wewe. Kila kinachovuka mpaka hubadilisha karatasi. Aliyekuwa kutoa, akivuka anakuwa kujumlisha. Aliyekuwa kuzidisha, akivuka anakuwa kugawanya. Kama wewe: upande huu ulikuwa bibi mwenye shamba, ulipovuka ukawa mpishi. (Natania, usinirushie kiatu.)

Kwa hiyo 3x − 7 = 29. Mvushe saba: 3x = 29 + 7, yaani 36. Mvushe tatu: x = 36 gawanya kwa 3. Kuku kumi na wawili. Huyo mwanamke alijua tangu mwanzo. Alikuwa anakupima wewe.

Fanya maswali yote kumi ya ukurasa ule, kila hatua mstari wake, usiruke. Nitumie nikusahihishie kwa kalamu nyekundu kama wanafunzi wangu wa darasa la sita. Sikupendelei.

Jambo lingine. Baada ya mvua za kwanza watakuja maofisa wa hati za ardhi. Kila shamba litapimwa liandikwe kwa jina la mwenyewe. Nitakuletea karatasi uweke sahihi kwamba unaikubali mipaka kama tulivyoilaza mwaka tisini na moja. Ni utaratibu tu, usikupe mawazo.

Mdogo wako na mwalimu wako,
Nicanor


Heredia, 28 Machi 2004

Mwalimu wangu mdogo,

Maswali kumi hayo hapo. La saba nimelirudia mara nne, mara ya nne nikaliombea kwa Mtakatifu Yosefu, maana alikuwa seremala, lazima alijua vipimo.

Mpaka wako umenisaidia kuliko kitabu. Niliposimama ubaoni nikawaambia wenzangu, "Anayevuka hubadilisha karatasi," wote wakaelewa mara moja, kwani nusu yetu hatuna karatasi. Mwalimu Idalí akauliza nani kanifundisha. Nikasema ni mdogo wangu, nilimlea mimi. Nilijisikia mrefu, Mungu anisamehe.

Yupo hapa binti mmoja wa kijiji cha El Ojoche, Yorleni, anafanya usafi hospitalini. Anasema ulimfundisha darasa la sita na anakusalimu. Anasema ulikuwa mkali lakini mtu akitoka kwako hasahau.

Sasa tutaingia sura ya sita, mzingo na eneo. Nimechungulia mbele nikachanganyikiwa. Mzingo ni urefu wa kuzunguka shamba, hapo sawa. Eneo ni shamba lenyewe. Si ni kitu kimoja? Ukishazunguka, si umeshajua? Niandikie kabla hatujafika, nisiaibike.

Vige


Las Pencas, 20 Aprili 2004

Dada,

Maswali kumi, umepata tisa. La saba ni sahihi. Mtakatifu Yosefu mpe shukrani. La tisa umesahau alama.

Kuhusu sura ya sita, usipoteze muda. Miaka yote niliyofundisha, mtihani huleta swali moja tu la pale, na wala halina alama nyingi. Iruke. Nenda sura ya saba, pembetatu, huko ndiko mtihani ulikojaa. Chukua kamba, ifunge vifundo kumi na viwili vya nafasi sawa, iunganishe. Ivute kwa vifundo vitatu upande mmoja, vinne upande wa pili, vitano upande wa tatu. Itakupa pembe ya mraba yenyewe, bila kifaa. Tatu mara tatu ni tisa, nne mara nne ni kumi na sita, jumla ishirini na tano, ambayo ni tano mara tano. Jaribu jikoni, utafurahi.

Karatasi niliyokuambia hii hapa ndani ya bahasha. Weka sahihi chini ya yangu, mpe Chema, dereva wa basi, airudishe Jumatano. Maofisa wanakuja mapema kuliko tulivyodhani. Kumbuka maneno ya baba alipokuwa anakata roho: kamba moja kwa wote, msigombane. Tumeyatimiza, sasa tuyaandike.

Mama amepona kikohozi. Ameanza kuniuliza utajenga lini.

Nicanor


Heredia, 9 Mei 2004

Nicanor ndugu yangu,

Nimekutii, nikaenda pembetatu. Kamba ya vifundo nimeionyesha kwa Doña Hortensia, akasema ni uchawi wa Kikristo. Lakini Mwalimu Idalí haruki sura. Jumapili iliyopita akaingia ya sita, nami nilikuwemo ndani ya ukumbi, ningekwenda wapi?

Alichora mistatili akatuuliza eneo. Mimi hujua kwa mikono kwanza. Basi jana Doña alipolala mchana nikamwaga maharage mekundu mezani. Nikasema, harage moja ni kipande cha kamba moja kwa kamba moja. Nijipangie shamba letu, nilione kwa macho, nifurahi, ndivyo nilivyowaza.

Nikapanga lako. Kamba tano kila upande. Tano na tano na tano na tano, ishirini. Mistari mitano ya maharage matano.

Nikapanga langu. Nane na mbili na nane na mbili, ishirini. Mistari miwili ya maharage manane.

Nikahesabu. Lako ishirini na tano. Langu kumi na sita.

Nikayafuta yote, nikanawa mikono, nikaanza upya. Ishirini na tano, kumi na sita. Mara ya tatu nikamwita mtoto wa jirani ahesabu yeye, nikidhani macho yangu yamechakaa. Kumi na sita.

Nicanor, nimekosea wapi? Kamba ilikuwa moja, punje zilikuwa ishirini na ishirini, kijiji kizima kiliona. Nakumbuka siku ile nililitembea langu mwanzo hadi mwisho, nikachoka, nikaona haya, nikidhani nimependelewa kwa kuwa lilikuwa refu kuliko lako. Nilitaka hata kukuambia ukate kidogo. Sasa maharage haya yanasema mambo mengine na mimi siyaamini. Mtu aliyeishia darasa la tatu hawezi kuwasahihisha watu waliokuwa na kamba mkononi.

Nimekuchorea kazi yote kwenye karatasi hii, kila hatua mstari wake kama ulivyonifunza. Nionyeshe kosa. Nikishaliona nitaweka sahihi siku hiyo hiyo. Karatasi ya maofisa nimeiweka chini ya sanamu ya Bikira ili isikunjike.

Dada yako,
Vige


Las Pencas, 30 Mei 2004

Dada Vige,

Nimekusahihishia. Utaona alama nyekundu. Umekosea pale ulipotumia maharage kupima ardhi. Ardhi si maharage. Lako liko kandokando ya kijito, lina maji, lina udongo mweusi. Langu lina mawe upande wa juu. Hayo hayamo kwenye kitabu. Mzingo ni ishirini, na mzingo ni ishirini, kwa hiyo ni sawa. Hilo ndilo jibu.

Ndiyo maana nilikuambia uiruke sura ile. Inawachanganya watu wazima. Naona huyo mwalimu wenu bado mchanga, anawarundikia mambo.

Nakuomba sana ile karatasi. Chema amerudi mikono mitupu mara mbili. Watu wanaanza kuuliza kama dada wa mwalimu hamwamini mwalimu.

Mama anakuombea.

Nicanor


Heredia, 20 Juni 2004

Nicanor,

Niliipata karatasi yangu. Mkasi mwekundu, ile alama ya kukosa, umeifunika kutoka kona hadi kona, na chini umeandika sifuri juu ya tano. Katika maisha yangu sijapata kuona kazi yangu ikisahihishwa hivyo. Niliona aibu kana kwamba nimekutwa nikiiba. Nikajiambia, bora nijue kosa kuliko kubaki mjinga, nikaipeleka kwa Mwalimu Idalí baada ya misa.

Aliipokea. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Mama Eduviges, nani amesahihisha hii?"

"Kuna kosa gani, mwalimu?"

"Kwenye kazi yako hakuna. Kosa ni huu mkasi. Ni mtoto?"

Nikasema ndiyo, ni mtoto, alikuwa anachezea kalamu. Nimedanganya ndani ya parokia, Nicanor, ili nisitaje jina lako.

Yorleni alikuwa pembeni anavaa koti lake. Akachungulia, akacheka bila ubaya wowote.

"Mama Vige, na wewe unasumbuliwa na kamba? Mbona hiyo Mwalimu Nicanor alitufunza kwa kucheza. Alitutoa uwanjani na kamba moja ndefu. Tukaivuta ikawa nyembamba, wakaenea watoto watano ndani. Tukaipanua kila upande sawa, darasa zima likaingia na mbwa wa mlinzi juu yake. Akatuambia, msije mkagawana shamba kwa kuzungusha kamba. Kamba huapa vizuri lakini haijui hesabu."

"Mwaka gani huo?"

"Tisini na sita. Lakini hata wadogo zangu aliwafunza hivyo hivyo. Kila mwaka."

Nilikaa kwenye benchi. Akaniuliza kama nimepandwa na presha. Nikasema ni joto.

Jumapili hii tumesoma kitu kingine, nikuandikie kwa kuwa unakijua. Tano ukiongeza tatu ni nane. Tano ukipunguza tatu ni mbili. Nane mara mbili ni kumi na sita, na kumi na sita ni ishirini na tano ukitoa tisa. Tisa ni tatu mara tatu. Mwalimu anaiita tofauti ya miraba miwili. Ukiurefusha mraba kwa tatu huku na kuubana kwa tatu kule, kamba haibadiliki, lakini unapoteza kiwanja cha tatu kwa tatu kila mara, kama mlango unaofungwa kimya kimya. Nimekitafuta hicho kiwanja miaka kumi na mitatu bila kujua kwamba kimepotea.

Sitaki zote tisa wala mashahidi. Unajua kwamba tungegawana sawa ningestahili nne na nusu tu. Hesabu hiyo nimeifanya. Nataka hizo nne na nusu upande wa nyumba ya mama, nijenge nimwone akiota jua asubuhi. Ulitambue hilo mbele ya maofisa, nami nitaweka sahihi kwa mkono wangu mwenyewe. Na uniambie kwa maneno yako: ulijua?

Eduviges


Las Pencas, 11 Julai 2004

Dada,

Nimeandika barua hii mara tatu.

Mwaka tisini na moja sikujua. Naapa kwa kaburi la baba. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu niliyetoka vitani, najua kufungua bunduki nikiwa nimefumba macho lakini sijui mzingo ni nini. Nililaza mraba kwanza kwa sababu nyumba ya mama ilikuwa katikati. Kilichobaki ni ule ukanda hadi kijitoni. Kamba ya ishirini ilipotua kamili kwenye jiwe la mpaka, watu wakapiga makofi, nami nikaona ni mkono wa Mungu.

Nilijua mwaka tisini na tatu, chuoni, siku ya Jumanne. Mwalimu alichora mraba na mstatili ubaoni, akaandika ishirini na ishirini. Wiki ile nilikuandikia barua. Kisha ikaja bahasha yako ya ada ya muhula, na ndani ulikuwa umeandika, "Soma kwa niaba yangu pia." Nikaichana barua. Nikasema nitakuambia nikihitimu. Nikahitimu. Nikasema nikipata kazi. Nikaoa, nikajenga, na pale unapopataka pana chumba cha wanangu na tangi la maji. Kila mwaka nikifika sura ile nawatoa watoto nje na kamba, nawafunza vizuri kuliko sura zote. Labda nilidhani nikiwafunza wao nimekuambia wewe.

Ule mkasi mwekundu ndio unaoniuma. Mkono ulienda wenyewe.

Lazima nikuambie na hili. Maofisa walifika tarehe mbili. Waliuliza sahihi yako, na mimi sikuwa nayo. Niliwaonyesha karatasi ya hakimu wa kijiji ya mwaka tisini na moja, ile yenye alama ya kidole gumba chako. Wakaipima kwa macho, wakasema inatosha, mwenyewe alikubali. Hati zimeshaandikwa. Yako ninayo, nitakutunzia.

Mama hajui lolote. Nakusihi usimwandikie, ana miaka sabini na sita. Wewe ni mtu wa sala kuliko mimi. Nisamehe.

Nicanor


Heredia, 21 Novemba 2004

Nicanor,

Nimekaa miezi minne bila kukujibu, kwa sababu kila nilipoanza niliandika maneno ambayo baadaye ningepaswa kuyaungama.

Doña Hortensia amefariki mwezi Septemba, amelala salama. Nilimsuka nywele mara ya mwisho. Nimepata kazi nyingine nyumba ya tatu kutoka pale, ya muda, wakisubiri cheti.

Mtihani tulifanya mwezi uliopita. Swali la kumi na nne lilikuwa hili: mkulima ana waya wa mita arobaini, aonyeshe mstatili wenye eneo kubwa kuliko yote. Wengine walikuwa wanatafuna kalamu. Mimi niliandika jibu kabla sijamaliza kusoma swali, kisha nikabaki natazama dirisha mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nimefaulu. Alama themanini na nne. Hakuna mtu aliyefurahi zaidi ya Yorleni, akaniambia, "Mwandikie Mwalimu Nicanor, atajivunia."

Nimempelekea padre jambo hili. Ameniambia nisamehe, nami nimejaribu kwa mpangilio kama ulivyonifunza, kila hatua mstari wake. Yule kijana mwenye kamba, aliyetoka vitani asiyejua, nimemsamehe, na wala haikuniwia vigumu. Nilimbeba mgongoni, najua uzito wake. Yule mwanafunzi aliyechana barua, nimemsamehe pia, ingawa ilinichukua wiki nyingi, maana bahasha ile niliijaza mimi. Nikafika kwa mwalimu. Mtu mzima, mchana kweupe, amekaa mezani kwake, mbele yake jibu sahihi la dada yake anayeomba aonyeshwe kosa, akachukua kalamu nyekundu. Hapo nimekwama. Nimemvusha huku, nimemvusha kule, habadiliki alama.

Mama sitamwandikia. Si kwa ajili yako. Asubuhi zake za jua zimebaki chache, sitaki kuzigawa.

Ardhi kaa nayo. Kidole gumba kile ni changu, nilikiweka mwenyewe, nikafuta wino kwenye aproni na kukushukuru. Hicho chumba na jiko la kutazama kijito nimeacha kukitembelea kichwani. Kila nikifika kona ya pili najikuta nahesabu.

Ninachokuomba ni kidogo. Nakurudishia ile karatasi. Futa mkasi. Weka alama ya vema, uandike tano juu ya tano, utie sahihi yako na tarehe, unirudishie. Hakuna ofisa atakayeiona. Nitaiweka pamoja na cheti.

Dada yako,
Eduviges


Las Pencas, 9 Desemba 2004

Dada mpendwa,

Hongera, hongera sana! Themanini na nne si mchezo. Nimewatangazia walimu wote shuleni, na mkuu wa shule amesema ukoo wa Talavera una vichwa.

Sikukuu ya Bikira tumeiimba vizuri mwaka huu, nyumba kwa nyumba, altare yetu ilikuwa na maua mpaka mlangoni. Mama amekutengenezea gofio ya unga wa mahindi na sukari guru kwa mikono yake, na tangawizi nyingi unavyopenda. Chema atakuletea kifurushi. Mama anauliza utakuja lini kujenga, nikamwambia mwakani Mungu akipenda. Mvua zilikuwa nzuri. Kijito kilifurika kidogo upande wako lakini kimetulia.

Wote tunakusalimu.

Mdogo wako,
Nicanor


Heredia, 2 Januari 2005

Kwa Mwalimu Nicanor Talavera,

Gofio imefika. Mwambie mama ilikuwa tamu.

Karatasi haikuwemo.

Eduviges Talavera Rizo